Mnyororo au Utando? Istilahi, Mto Mara na Uhuishaji wa Mifumo ya Maji Baridi

Utangulizi

Mwanafunzi anapotakiwa kueleza jinsi viumbe wanavyolishana, istilahi inayomjia kwa wepesi ni mnyororo wa chakula. Panzi hula jani, chura humla panzi, nyoka humla chura, naye mwewe humnyakua nyoka. Mfano huu ni rahisi kufunza, lakini una kasoro. Mnyororo una mwanzo na mwisho, na kila pete hushikana na pete mbili tu za jirani. Makala hii inanuia kuonyesha kuwa taswira hiyo haitoshi kuueleza uhai wa mto, na kwamba istilahi utando wa chakula inafaa zaidi. Mfano mkuu utakaotumiwa ni Mto Mara. Ikumbukwe kuwa suala hili si la wanaisimu pekee, kwani jinsi jamii inavyouelewa mto ndivyo itakavyojaribu kuuponya.

Neno utando

Nomino utando inahusiana na kitenzi tanda, yaani kuenea na kufunika. Wingu hutanda, giza hutanda. Na katika ukoo huohuo wa maneno tunapata mtandio na mtandao. Utando una maana mbili zinazotuhusu hapa. Kwanza, ni nyuzi alizozifuma buibui. Pili, ni ngozi nyembamba inayofunika kitu, kama ile inayojitokeza juu ya maziwa yaliyochemshwa kisha yakapoa. Maana zote mbili zimo mtoni, kama itakavyobainika.

Tofauti ya istilahi hizi mbili hudhihirika pale panapotokea madhara. Mnyororo ukikatika, fundi hutafuta pete iliyovunjika akaiunga. Utando ukikatwa uzi mmoja, nyuzi nyingine zote hulegea au kukazika, hata zile zilizo mbali na mahali palipokatwa.

Mto unaolishwa na nchi kavu

Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya. Vijito vyake viwili vikuu, Nyangores na Amala, hukutana na kuunda mto mmoja unaopitia mbuga za Maasai Mara na Serengeti, kisha ukaingia Ziwa Viktoria karibu na Musoma, Tanzania.

Wahenga walisema kuwa maji hufuata mkondo. Kauli hiyo ni kweli kwa maji, lakini chakula cha mtoni hakifuati mkondo tu. Sehemu kubwa huingia kutoka kandokando. Mfano wa kwanza ni kiboko. Usiku yeye hutoka majini akala nyasi. Mchana hurudi majini na kuacha kinyesi humo. Utafiti ulioongozwa na Amanda Subalusky ulikadiria kuwa viboko zaidi ya 4000 wa upande wa Kenya huingiza mtoni takriban tani 36 za kinyesi kibichi kila siku. Bakteria na wadudu wa majini hukila kinyesi hicho, nao samaki huwala wadudu. Aidha, nyasi zina silika, madini ambayo mwani aina ya diatomu huhitaji ili kujijengea magamba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa viboko huathiri zaidi ya asilimia 76 ya silika inayosafirishwa na Mto Mara. Hivyo basi, nyasi iliyoliwa mbugani usiku inaweza kumfaa diatomu aliyeko mbali ziwani.

Mfano wa pili ni nyumbu. Kila mwaka, makundi makubwa ya nyumbu huvuka mto huu wakati wa kuhama, na wengine hufa maji. Subalusky na wenzake, katika utafiti uliotolewa mwaka 2017, walikadiria kuwa nyumbu wapatao 6250, wenye uzito wa takriban tani 1100, huzama kila mwaka. Mamba hula sehemu ndogo tu ya mizoga hiyo. Tai na korongo nao huchukua sehemu yao na kuirudisha nchi kavu. Nyama huoza kwa muda wa wiki mbili hadi kumi, na katika kipindi hicho huchangia kati ya thuluthi moja na nusu ya lishe ya samaki wa kawaida wa mto huo. Mifupa nayo huchukua takriban miaka saba kuoza. Juu ya mifupa hiyo huota tabaka telezi la mwani na bakteria, na samaki huendelea kulila miezi mingi baadaye. Hapa ndipo maana ya pili ya neno letu inapojitokeza: ndani ya utando wa chakula mna utando juu ya mfupa.

Mlishaji anapogeuka muuaji

Utando huu hutegemea jambo moja ambalo mnyororo wa vitabuni haulitaji kamwe, nalo ni mtiririko wa maji. Maji yanapopungua wakati wa kiangazi, kinyesi hulimbikizana katika vidimbwi vya viboko, na bakteria wanaokiozesha humaliza oksijeni. Mvua ikinyesha ghafla, maji hayo mabovu husukumwa chini kwa pamoja na samaki hufa kwa wingi. Christopher Dutton na wenzake walilieleza tukio hili mwaka 2018. Kiboko ni yuleyule, kinyesi ni kilekile. Kilichobadilika ni wingi wa maji yanayokichukua.

Suala la misitu linaingia papo hapo. Ripoti ya jopokazi la serikali ya Kenya ya mwaka 2009 ilionyesha kuwa takriban robo ya Msitu wa Mau ilikuwa imeangamia katika miongo miwili. Msitu ukitoweka, mvua hukimbilia mtoni kwa mkupuo ikiwa na tope, na kiangazi mto hukosa chemchemi za kuulisha. Isitoshe, maji huchotwa kwa kilimo cha umwagiliaji.

Kuhuisha ni kurejesha nyuzi

Kwa mtazamo wa mnyororo, kuponya mto ni kuondoa taka au kuongeza samaki. Kwa mtazamo wa utando, swali la kwanza ni: uzi upi umekatwa? Mto Elwha wa jimbo la Washington, Marekani, unatoa funzo. Mabwawa mawili yaliwazuia samaki aina ya samoni kupanda mto kutoka baharini, na hivyo kuunyima mto rutuba iliyokuwa ikiletwa na mizoga yao, kama vile nyumbu wanavyourutubisha Mara. Mabwawa hayo yalibomolewa kati ya mwaka 2011 na 2014, nao samoni wakarejea katika sehemu za juu.

Katika Mara, uzi unaotishiwa zaidi ni mtiririko wenyewe. Sheria ya Maji ya Kenya ya mwaka 2016 inaweka akiba, yaani kiasi na ubora wa maji unaohitajika kwa mahitaji ya msingi ya binadamu na kwa ulinzi wa viumbe wa majini. Neno hili linahitaji uangalifu. Katika matumizi ya kawaida, watu wengi huweka akiba baada ya kutumia, kutokana na kilichobaki. Akiba ya kisheria ni kinyume chake: hutengwa kwanza, ndipo wengine wagawiwe. Mkulima asiyefafanuliwa tofauti hiyo atadhani anaombwa kuuachia mto masazo.

Hitimisho

Bonde la Mara lina wasemaji wa Kimaasai, Kikalenjin, Kikuria, Kijaluo na lugha nyinginezo, katika nchi mbili. Lugha inayoweza kuwakutanisha ni Kiswahili, ilhali Sheria ya Maji imeandikwa kwa Kiingereza. Kazi ya kuwafafanulia wakaazi wa bonde hilo maana ya akiba, mtiririko na utando inawahusu wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili moja kwa moja. Wakiwafunza mnyororo, wakaazi watatafuta pete moja ya kulaumu: kiboko, mamba au jirani wa upande wa juu. Wakiwafunza utando, kila mmoja atauona uzi alioushika mwenyewe.