NYOTA YENYE MKIA ISIYOONWA KWA MACHO

Wengi wetu tukisikia nyota yenye mkia hukumbuka ile itokeayo alfajiri, watu wakatoka nje kuitazama, na baadhi yao wakaanza kubashiri vita na maradhi. Zionekanazo hivyo ni chache. Zilizo nyingi ni hafifu, hazionwi ila kwa darubini kubwa, na leo twataka kueleza habari ya moja katika hizo.

Tangu mwaka 2013 hadi 2019 wataalamu wa falaki walikuwa wakipiga picha za mbingu kwa darubini ya Cerro Tololo, nchi ya Chile, ambayo kioo chake kina upana wa mita 4. Muradi wao haukuwa nyota zenye mkia, bali makundi ya nyota yaliyo mbali mno. Wanazuoni wawili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, Pedro Bernardinelli na Gary Bernstein, wakazipekua picha hizo, zipatazo 80,000, kwa msaada wa kompyuta, wakitafuta kidoa kinachohama. Nyota za kawaida hukaa mahali pake picha baada ya picha. Kilicho cha jua letu huhama. Kidoa kimoja walikikuta mara 32, katika picha za mwaka 2014 hadi 2018. Kwa mahali hapo 32 ikajulikana njia yake, na mwezi wa Juni 2021 habari ikatangazwa. Kumbe ilikwisha kupigwa picha miaka 7 kabla ya mtu kuijua!

Mwaka 2014 ilikuwa mbali nasi kwa mara 29 hivi ya masafa yaliyo baina ya dunia na jua. Ilipotangazwa haikujulikana kama ina ukungu, na bila ya ukungu haihesabiwi kuwa nyota yenye mkia. Siku chache baadaye darubini iliyoko Sutherland, Afrika Kusini, ikauonyesha. Huko iliko ni baridi mno hata barafu ya maji haiwezi kugeuka mvuke. Basi ni barafu nyingine ifanyayo kazi hiyo. Mwaka 2024 mitambo ya mawimbi ya redio huko Chile iliona hewa ya kaboni monoksidi ikifoka kutoka kwake.

Ukubwa wake je? Hapa pana mtego. Mwanga peke yake hautoshi kuwa dalili, kwani jiwe kubwa jeusi na jiwe dogo jeupe huweza kung'aa sawasawa. Tena ule ukungu nao una mwanga wake, ukalifunika jiwe lenyewe. Mwezi wa Januari 2022 darubini ya Hubble, iliyoko angani, ikapiga picha 5. Wataalamu wakakadiria kwa hesabu mwanga wa ukungu, wakautoa, ukabaki wa jiwe. Kisha wakaulinganisha na joto lake lililopimwa kwa mawimbi ya redio. Ikadhihiri kuwa upana wake ni kama kilomita 120, sawa na mwendo wa Mombasa hadi Malindi, na kwamba ni nyeusi kuliko makaa. Nyota nyingi zenye mkia zina kilomita chache tu.

Huitwa C/2014 UN271, na pia kwa majina ya wale wawili. Herufi C ni alama ya zile zisizo na marejeo yanayojulikana, kinyume cha ile ya Halley, irudiayo kila miaka 76 hivi, iliyoonekana 1910 na 1986. Hii si kwamba haitarudi kabisa. Mzunguko wake ni wa mamilioni ya miaka, na nani atakayeingoja?

Aogopaye kuwa kitu kikubwa hivi kitatugonga na atulie. Itafika karibu kabisa na jua mwezi wa Januari 2031, nayo hata hapo itakuwa nje ya njia ya Zohali, kiasi cha mara 11 ya masafa yetu na jua. Kwa macho matupu haitaonekana, na baada ya hapo itashika njia ya kurudi ilikotoka.