Somo la Saba: Kutoka Uwanja wa Ndege hadi Boti ya Zanzibar

Msafiri anayeshuka katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, akakusudia kuvuka kwenda Unguja siku hiyohiyo, hununua huduma tatu: ndege, gari na boti. Kila huduma ina mkataba wake. Tiketi ya ndege humfunga mwenye ndege, na tiketi ya boti humfunga mwenye boti. Kilometa 12 hivi zilizo katikati hazimo katika tiketi yoyote. Ndege ikichelewa na boti ikakuacha, mwenye boti hana kosa, naye mwenye ndege hakuahidi kukufikisha bandarini. Hasara hiyo humwangukia mtumiaji, na ndiyo sababu tumelitengea somo zima jambo ambalo wengi hulichukulia kuwa ni suala la kupata teksi tu.

Tuanze na jina la mahali, maana hapo ndipo wageni wa jiji wanapopotea kwanza. Ukimwambia dereva "nipeleke Feri", atakupeleka Magogoni, penye pantoni ya Kigamboni na soko la samaki. Hajakosea; hilo ndilo jina la pale. Ukimwambia "Bandari", anaweza kuelekea kwenye malango ya mizigo upande wa Kurasini. Gati la abiria wa Zanzibar liko Barabara ya Sokoine, mkabala na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Sema "boti za Zanzibar, karibu na kanisa la Mtakatifu Yosefu", nawe hutahitaji kuburuta mabegi juani kutoka Magogoni huku dakika zikikuishia.

Njia yenyewe ni rahisi kuieleza: Barabara ya Nyerere moja kwa moja, kupitia Tazara hadi Kamata, kisha kushika Sokoine na kuipita Stesheni. Daraja la juu la Mfugale, lililofunguliwa mwaka 2018, liliondoa kero kubwa ya makutano ya Tazara. Hata hivyo, halikuondoa foleni za Kamata wala zile za katikati ya jiji. Asubuhi na mapema siku ya Jumapili safari huweza kuchukua nusu saa. Jioni ya siku ya kazi, au mvua inaponyesha, saa moja na nusu si ajabu.

Chukua mfano huu. Ndege inatua saa 7:00 mchana, na boti inaondoka saa 10:00 alasiri. Msafiri anaona ana saa tatu mkononi. Tuhesabu. Kutoka ndani ya ndege, kupita uhamiaji na kusubiri mizigo: saa moja. Njiani: saa moja hadi moja na nusu. Sasa ni saa 9:30, na kaunta za boti hufungwa kabla ya chombo kung'oa nanga. Kwa hiyo zile saa tatu ni nusu saa, nayo inategemea ndege kutua kwa wakati na begi lako kutokuwa la mwisho. Kwa hesabu ya namna hii tunashauri usinunue tiketi ya boti isiyobadilishika. Uliza kabla ya kulipa: nikichelewa, tiketi hii inatumika kwa boti inayofuata au kesho? Kuna ada? Jibu liandikwe kwenye tiketi au kwenye ujumbe wa simu. Ikiwa boti uliyoikusudia ndiyo ya mwisho kwa siku hiyo, weka akiba ya fedha za kulala mjini.

Hapa pana mtego mwingine ambao Waswahili tumejitegea wenyewe. Tiketi huandikwa kwa saa za kimataifa, nasi tunazungumza kwa saa zetu. "07:00" iliyochapishwa ni saa moja asubuhi, si saa saba mchana. "16:00" ni saa kumi. Unapomtumia ndugu ujumbe akukatie tiketi, andika asubuhi, mchana au alasiri kwa neno zima.

Kuhusu nauli, hatutaji kiasi kwa kuwa bei hubadilika kuliko vijitabu. Kanuni ni kupatana kabla ya begi kuingia kwenye buti, na kuuliza kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa. Anayetumia teksi ya mtandao huiona bei mapema, lakini dereva huweza kumwomba aghairi safari kwenye simu na kumlipa mkononi. Usikubali. Safari iliyoghairiwa haina kumbukumbu: ukisahau begi garini, hakuna jina la dereva wala namba ya gari ya kumtafutia. Bodaboda huponya foleni, hilo hatulikatai, ila abiria mwenye begi kubwa kwenye pikipiki huhatarisha maisha yake kwa ajili ya boti ambayo kesho itakuwepo tena. Daladala za Barabara ya Nyerere ni nafuu kuliko vyote na zinamfaa mwenye mfuko mmoja na muda wa kutosha.

Ukifika gatini utakutana na watu watakaonyoosha mikono kuchukua mizigo na wengine watakaodai kwamba tiketi zimekwisha ila wao wanayo moja. Mchukuzi ni mfanyakazi kama wengine; patana naye kwanza, kisha mpe begi. Dalali wa tiketi ni jambo jingine, na tunaomba msomaji atulie hapa.

Tiketi iliyoandikwa jina la mtu mwingine si hasara ya fedha tu. Jina lako ndilo linaloingia katika orodha ya abiria, na orodha hiyo ndiyo hutumika siku chombo kinapopata maafa. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ilikuwa imebeba watu kupita uwezo wake, na hesabu ya waliopotea ilibadilika mara kadhaa kwa sababu wengi waliokuwamo hawakuandikwa popote. Mwaka uliofuata, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit iliyotoka gati hilihili la Dar es Salaam ilizama karibu na Chumbe. Familia ambayo mtu wake alisafiri kwa jina la mwingine haina pa kuanzia kuuliza. Kata tiketi dirishani au kwa njia rasmi ya kampuni, onyesha kitambulisho, soma jina lako herufi kwa herufi. Mtoto wa kubebwa naye atajwe, hata kama halipiwi. Na ukiona chombo kimefurika, kushuka ni haki yako. Dai fedha zako ukiwa nchi kavu.

Bahari nayo ina ratiba yake. Msimu wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, huleta mawimbi, na safari ya saa mbili huweza kurefuka. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani, safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisimamishwa. Sikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa usiku wa kabla ya safari.

Kwa anayerudi, hesabu ni kali zaidi, kwa kuwa ndege ya kimataifa hukutaka uwanjani saa tatu kabla. Boti ya saa moja asubuhi kutoka Malindi hufika Dar es Salaam kama saa tatu. Ongeza mizigo na foleni, utaona kwamba ndege ya kabla ya saa nane mchana ni ya kubahatisha. Vuka siku moja kabla. Mwambie dereva jengo pia: safari za kimataifa hutumia jengo la tatu, za ndani kwa kawaida jengo la pili, nayo hayako mlango mmoja. Wengine hulinganisha gharama ya boti, teksi na usiku wa hoteli, wakaona ndege ndogo ya dakika 20 hadi Unguja haikuzidi sana. Ulinganisho huo ni wa busara, mradi ukumbuke kwamba ndege hizo mara nyingi huruhusu kilo 15 tu za mizigo.

Palipo na malalamiko, anza na mtoa huduma, kwa maandishi, ukiambatisha tiketi au risiti. Asipojibu, masuala ya magari ya abiria hupelekwa LATRA, na ya vyombo vya majini TASAC. Kwa upande wa Zanzibar, Mamlaka ya Usafiri Baharini. Piga picha ya tiketi kabla ya kupanda, kwa maana karatasi ile huchukuliwa mlangoni na wengi hubaki bila ushahidi.