Unajua Jirani Yako Analala Chumba Gani?

Somo: Matendo ya Mitume 16:25–34. Soma pia Mithali 27:10.

Wale mliokuwa ibada ya pili Jumapili mtakumbuka muda ulituishia nikiwa bado ndani ya gereza la Filipi, na wengi mliniambia pale nje nimalizie. Basi haya ndiyo yaliyobaki, na mengine nimeongeza.

Sura hii tumeizoea kwa sababu ya sifa. Paulo na Sila wamepigwa, miguu imefungwa, usiku wa manane wanaimba, tetemeko linakuja, milango inafunguka. Hapo ndipo sisi wahubiri tunapandisha sauti na kinanda kinaingia. Lakini hebu hesabu mistari. Tetemeko lenyewe limepewa mstari mmoja tu, wa 26. Kuanzia wa 27 hadi wa 34, mistari minane, ni habari ya jinsi watu walivyotendeana baada ya ardhi kutulia.

Mlinzi wa gereza anaamka, anaona milango wazi, anachomoa upanga ajiue. Alijua mfungwa akitoroka mlinzi ndiye hulipa; Herode alishawaua walinzi wa Petro kwa sababu hiyo hiyo, sura ya 12. Paulo anapaza sauti kutoka gizani, anamzuia, anamhakikishia kwamba hakuna hata mmoja aliyeondoka. Sasa ngoja hapo. Ni giza, mpaka mlinzi inabidi aitishe taa. Paulo amejuaje kwamba wote wapo? Biblia haisemi, na mimi sitaki kuongezea Neno. Ninachokiona tu ni kwamba ndani ya lile giza kulikuwa na mtu mwenye hesabu ya wenzake, na hiyo hesabu ikaokoa maisha ya mtu mmoja. Halafu huyo mlinzi, saa ile ile ya usiku, anawaosha majeraha, anawachukua kwake, anawaandalia chakula.

Hiyo hesabu ndiyo inanipeleka Japani. Twende pamoja, tutarudi.

Tarehe 17 Januari 1995, saa kumi na moja na dakika 46 alfajiri, tetemeko la kipimo cha 6.9 liliupiga mji wa Kobe na maeneo jirani. Mtikisiko mkubwa ulichukua kama sekunde 20. Watu wengi walikuwa bado wamelala, na nyumba nyingi za zamani zilikuwa za mbao zilizobeba mapaa mazito ya vigae, kwa hivyo paa lilishuka juu ya aliyelala. Zaidi ya watu 6,400 walikufa. Mabomba ya maji yalipasuka chini ya ardhi, moto ukaanza, na wazima moto wakafika na mipira mikononi ila maji hakuna. Hii ni Japani, jamani, si nchi isiyojua matetemeko. Walikuwa na vikosi, mitambo na mipango. Lakini barabara zilizibwa na vifusi, na kila mtaa ulikuwa unaita msaada kwa wakati mmoja.

Nani basi aliwatoa watu? Wataalamu wa Japani walipokadiria baadaye, walipata kwamba kati ya watu kama 35,000 waliofukiwa, karibu 27,000 walitolewa na familia na majirani zao. Polisi, zimamoto na jeshi waliwatoa wale wengine kama 8,000. Yaani karibu wanne kati ya kila watano waliokolewa na mtu aliyekuwa hapo karibu, na chochote alichokipata mkononi. Mithali 27:10 ilishasema juu ya jirani wa karibu na ndugu aliye mbali, na wengi wetu tunaichukulia kama methali ya kupamba kalenda.

Mahali ninapopapenda zaidi katika habari hii si Kobe mjini. Ni Hokudan, mji mdogo kwenye kisiwa cha Awaji, hatua chache kutoka pale ardhi ilipopasuka. Nyumba nyingi zilianguka na watu 39 wakafa. Lakini watu wapatao 300 walitolewa chini ya vifusi, na kabla ya jioni ya siku hiyo hiyo kila mkazi alikuwa amejulikana alipo. Msako ukafungwa. Kule mijini utafutaji uliendelea siku nyingi. Tofauti ilikuwa nini? Kikosi cha zimamoto cha kujitolea cha Hokudan kilikuwa cha wakulima, wavuvi na wenye maduka wa pale pale. Walijua nyanya wa nyumba hii analala chumba cha nyuma, na mzee wa nyumba ile amehamishia matandiko karibu na dirisha. Hawakuchimba nyumba nzima. Walichimba pale alipo mtu.

Nilisomea biashara kabla ya kuingia kwenye huduma, na darasani tulifundishwa kwamba mali ya shirika huandikwa kwenye mizania: pesa benki, majengo, magari. Hokudan ingeweka mizania yake mezani tarehe 16 Januari, hakuna mkaguzi angeandika pale "wanajua watu wanapolala". Hakuna safu yake. Na mali hiyo huwezi kuinunua siku ya dharura, hata ukiwa na pesa. Huwekwa akiba polepole, kwa kusalimiana, kwa kuazimana chumvi, kwa kukaa kwenye matanga mpaka mwisho badala ya kutuma mchango kwa simu na kuendelea na shughuli.

Kobe kwenyewe kuna mtaa unaitwa Mano ambao unaonyesha jambo hilo hilo. Tangu miaka ya 1960 wakazi wake walikuwa wamejipanga kupigana na uchafuzi wa hewa wa viwanda, kukutana, kupanda miti, kuangalia wazee. Moto ulipokuja mwaka 1995 hawakuanza kuulizana majina. Wafanyakazi wa kiwanda jirani walileta vifaa vyao, wakazi wakapanga mstari wa ndoo, moto ukazuiwa. Miaka 30 ya mikutano ambayo pengine mtu alikuwa anaiona ya kuchosha!

Nisisahau wageni pia. Mwaka ule zaidi ya watu milioni moja walikwenda kujitolea, wengi wakiwa vijana ambao hawakutumwa na mtu yeyote, mpaka Wajapani wakauita mwaka wa kwanza wa kujitolea. Tarehe 17 Januari ikawekwa kuwa siku ya kukumbuka kazi hiyo kila mwaka. Na kanisa moja la Kikatoliki pale Takatori, lililokuwa na waumini wakimbizi kutoka Vietnam, liliteketea lote. Msanifu Shigeru Ban akalijenga upya kwa bomba za karatasi ngumu, kama zile ambazo kitambaa huzungushiwa dukani. Watu wa kujitolea wapatao 160 walilisimamisha kwa wiki tano. Lilitumika miaka kumi, kwa ibada na kwa mikutano ya mtaa, halafu likafunguliwa vipande vipande likapelekwa Taiwan, kijiji cha Taomi, ambacho nacho kilikuwa kimepigwa na tetemeko Septemba 1999. Najua kuna atakayeniuliza mbona nasifu Wakatoliki. Mpendwa, karatasi ile ilibeba mzigo.

Lakini sikuandika haya yote ili tufurahie tu wema wa watu. Kuna sehemu ya pili ya Kobe, nayo inauma.

Baada ya tetemeko serikali ilijenga nyumba za muda, takriban 48,000. Nyingi zilikuwa mbali na mitaa ya zamani, pembeni ya mji na kwenye visiwa vya kujaza udongo baharini. Wazigawe vipi kwa haki? Wakapiga kura ya bahati, na wazee, walemavu na kina mama wanaolea watoto peke yao wakapewa kipaumbele. Ukiangalia kwa haraka, utasema huo ni wema, tena wema wenye utaratibu. Lakini matokeo yake ni kwamba wazee walitolewa mmoja mmoja katikati ya majirani wa miaka 40, wakapangwa pamoja na wazee wengine wasiowajua, kila mmoja na mlango wake. Wakaanza kufa wakiwa peke yao, na wengine hawakugunduliwa mpaka baada ya siku nyingi. Zaidi ya watu 200 walikufa hivyo katika zile nyumba. Hawakuuawa na tetemeko. Walikuwa wametolewa salama, wamepewa paa, chakula na blanketi.

Wajapani walijifunza. Oktoba 2004 tetemeko lilipolipiga eneo la Chuetsu, kijiji cha Yamakoshi kilihamishwa chote, zaidi ya watu 2,000, na nyumba za muda zikagawiwa kufuata vitongoji vyao. Aliyekuwa jirani yako mlimani akawa jirani yako kambini. Hiyo ni hekima iliyonunuliwa ghali.

Kuna watu ambao tetemeko likitokea mbali wanakimbilia kusema ni hukumu. Mimi siwezi. Bwana mwenyewe, Luka 13, alipotaja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18, alikataa kusema walikuwa wabaya kuliko wengine. Na tusidhani ni mambo ya Japani peke yake. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la kipimo hicho hicho cha 6.9 lilitokea Subukia, hapa hapa Bonde la Ufa. Leo Nakuru ni jiji lenye maghorofa. Na kwa nyumba kuanguka hatuhitaji hata tetemeko. Jengo la Huruma liliporomoka Aprili 2016 baada ya mvua, watu wakatafutwa chini ya vifusi kwa siku kadhaa.

Sasa niwarudishe nyumbani kabisa. Mnajua kuna pendekezo linalozungumzwa, kwamba tugawe upya ushirika wa nyumbani ili kila kikundi kiwe na watu 12, sawasawa, na viongozi wawe na kazi sawa. Mchungaji Kiongozi ametupa ruhusa kulijadili wazi, kwa hivyo naandika. Kwa macho ya mtu wa biashara linapendeza sana. Hata jedwali lake nimeliona, limekaa safi. Lakini nikiisoma habari ya Kobe nasita. Kuna kikundi chetu kina watu 19, hawatoshi sebuleni, wengine wanakaa koridoni, lakini mama mmoja akikosa wiki moja wanajua kabla ya kuombea chai. Ukimtoa pale ili hesabu ikae sawa, utampa kikundi na utamnyang'anya watu wake. Kama ni lazima kugawa, basi wanaojuana wagawiwe pamoja, jinsi watu wa Yamakoshi walivyohama na majirani zao. Na anayehama mtaa kwa sababu kodi imepanda, tusimwandikie tu barua ya kikundi kipya. Wawili wampeleke, wakae naye vikao vitatu vya kwanza.

Orodha ya washirika ofisini ipo na iko sawa: jina, simu, idara. Lakini orodha haijui nani amehamia chumba cha ndani baada ya kufiwa na mumewe, nani anatumia mkongojo, nani ana watoto wanaobaki na mlango umefungwa kwa nje akiwa zamu ya usiku. Hilo la mwisho, wazazi, naomba tulizungumze. Jirani mmoja unayemwamini awe na ufunguo.

Jumatano mkikutana, msianze na mahubiri. Kila mmoja ataje kwa jina watu wa mlango wa kulia na wa kushoto mahali anapoishi, waumini au si waumini, na aseme kama kuna mgonjwa, mzee au mtoto ndani. Wasiojulikana majina, Jumamosi mwende mkawasalimie, wawili wawili, bila karatasi za kualika mkutano. Ni salamu tu. Viongozi wa vikundi mlete maoni yenu juu ya ule mgao ofisini kabla ya Jumapili, kwa maandishi, na mniandikie pia nani kati ya watu wenu hamjamwona mwezi huu.