Nianze na kitabu kipi?

Swali: Naishi Pasiansi, Mwanza. Nikienda maktaba ya mkoa, niulizie vitabu gani vya historia ya nchi yetu na jamii zake?

Jibu: Kati ya vipya, ulizia wasifu wa Mwalimu Nyerere wa Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, uliotoka 2020. Ni juzuu tatu, tena kwa Kiingereza. Usizibebe zote siku moja. Usipouona, mwombe mkutubi auagize.

Mimi, hata hivyo, ningeanzia ng'ambo ya maji, Ukerewe. Aniceti Kitereza alimaliza kuandika habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Kiswahili chake kikachapishwa 1980. Ni riwaya, naam, lakini ugumba, ukwe, uganga na pombe ya ndizi vimeelezwa humo kwa utulivu ambao wanahistoria wengi hawana.