Kujifunza Kuimba kwa Simu



Wengi wenu mna watoto au wadogo zenu huku Kayole, Dandora, Umoja, Kariobangi ama Buruburu. Wakija nyumbani Desemba mnawaona wameinamia simu, wanaimba "aaa" huku mstari kwenye kioo unapanda na kushuka. Mmetuuliza kama huo ni mchezo ama ni masomo. Vikundi vingine vinauliza jambo zito zaidi: je, inafaa kutoa pesa za kikundi kulipia programu hizo kwa ajili ya kwaya?

Ni swali la haki. Kwaya siku hizi si ya Jumapili peke yake. Inaitwa harusini, inaitwa matangani, inarekodi nyimbo, na kitu kidogo kinaingia kwenye mfuko wa kikundi. Mwalimu wa kulipwa ni ghali, na yule wa kujitolea ana waimbaji thelathini na saa mbili za Jumamosi. Hawezi kusikiliza koo moja moja. Hapo ndipo simu inaingia, na hapo ndipo inafaa tujue inaweza nini na haiwezi nini.

Simu inafanya nini hasa

Ndani ya koo kuna nyuzi mbili za sauti. Pumzi ikipita, zinatikisika. Mwanamume akiongea kawaida zinatikisika kama mara 100 hadi 130 kwa sekunde moja. Mwanamke karibu mara 200. Tukiimba juu zaidi, zinavutika na kutikisika haraka zaidi. Programu ya kupima noti inasikiliza kwa maikrofoni ya simu, inahesabu ile mitikisiko, kisha inakuandikia noti iliyo karibu. Hesabu 440 ndiyo A ambayo vyombo vingi vya muziki hupimiwa duniani. Ukiwa chini kidogo, mstari unakaa chini. Ukipitiliza, unapanda juu.

Faida yake ni kubwa kwa mtu ambaye hajisikii anaposhuka. Mnamjua: anaanza vizuri, na kufika ubeti wa tatu ameivuta kwaya nzima chini. Ukimwambia, anakasirika. Simu ikimwonyesha, anacheka na kurudia.

Kuna namna nyingine ya kutumia simu, na haihitaji programu yoyote ya kununua. Mwaka 2020 makanisa yalipofungwa kwa sababu ya Korona, kwaya nyingi zilifanya mazoezi kwa sauti za kutumiana. Mwalimu anarekodi sauti ya kwanza peke yake, ya pili peke yake, hivyo hivyo tenor na besi, na kila mtu anajifunza yake akipika ama akisubiri matatu. Kwa maoni yetu hii imesaidia kwaya kuliko programu zote za kulipia tukiziweka pamoja.

Doh ni G: pale wengi wanapokwama

Sisi tulifundishwa d r m f s l t. Mpango huo ulianza Uingereza na mwalimu mwanamke, Sarah Glover wa Norwich, halafu mchungaji John Curwen akauendeleza na kuueneza katika karne ya 19, makusudi ili watu wa kawaida waimbe bila kununua piano. Wamisionari wakauleta huku. Lakini programu nyingi za simu hazijui doh. Zinaandika herufi: C, D, E, F, G, A, B. Basi mwimbaji mzuri wa miaka ishirini anafungua simu, anaona herufi, anaifunga.

Hebu tuchukue wimbo ulioandikwa juu "Doh ni G". Maana yake G ndiyo d. Endelea kupanda: A ni r, B ni m, C ni f, D ni s, E ni l. Ikifika t, simu itaandika F yenye alama kama ya dirisha (#), yaani F iliyopandishwa nusu hatua. Kisha G tena, ndiyo d ya juu. Andikeni safu hizo mbili kwenye karatasi na muibandike ukutani pale mnapofanyia mazoezi. Wimbo ukibadilika ukawa Doh ni F, mnaandika nyingine: F, G, A, B iliyoshushwa nusu, C, D, E. Hapo simu inaweza kuandika A yenye # badala ya B iliyoshushwa. Ni sauti ile ile moja.

Jambo lingine dogo linalozua ubishi: mama akiimba G yake simu inaweza kuandika G4, na baba akiimba yake iandike G3. Herufi ni moja, namba inaonyesha tu kwamba mmoja yuko chini ya mwenzake kwa d moja nzima. Hakuna aliyekosea.

Pale simu inapodanganya

Programu nyingi za aina hii zimetengenezwa kusikia mtu mmoja. Mkiimba wawili sauti tofauti, inachanganyikiwa. Huku kwetu kuna matatu inayopiga honi, jirani mwenye redio na ukuta wa mabati, kwa hivyo vijana huenda kanisani mapema kabla watu hawajafika. Kijijini mnaweza kuwa na bahati zaidi. Kama programu inacheza muziki wa kufuata, vaa earphone za waya, simu isije ikajisikia yenyewe na kukupa alama za bure.

Halafu kuna nyimbo zetu za asili. Simu imegawa njia kutoka d hadi d ya juu kwa hatua 12 zilizo sawa. Mpigaji wa nyatiti au orutu hafungi nyuzi zake kwa hatua hizo. Anazifunga kwa sikio lake na sauti yake. Nyanya akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, simu inaweza kumwambia amekosea kila mstari. Tunasema wazi: hapo aliyekosea ni simu. Msisahihishe nyimbo za wazee kwa mashine.

Na udanganyifu mbaya zaidi ni huu. Simu husikia noti. Haisikii namna ulivyoifikia. Kijana anaweza kukaza shingo mishipa ikatoka, akapiga kelele mpaka mstari ufike juu, na programu ikampa nyota tano. Mwalimu aliye mbele yake angemwambia nyamaza. Baada ya miezi kadhaa ya hivyo, sauti inakauka na kukwaruza, na nyuzi zinaweza kuota vinundu. Huku kwetu kuna moshi pia. Korogocho, ambako kundi la vijana la Ghetto Classics lilianza mwaka 2008 katika kanisa katoliki la St John, ni jirani wa jaa la Dandora, na taka zikiungua koo linajua. Kijijini jiko la kuni linafanya kazi hiyo hiyo.

Kwa hivyo fundisheni koo kabla ya noti. Simama wima, mabega yashuke, pumzi iingie mpaka tumbo na mbavu zifunguke. Anza kwa kuvumisha midomo imefungwa, polepole, dakika tano. Zoezi moja zuri sana halina gharama: chukua mrija wa soda, uuchovye kwenye glasi yenye maji kidogo, uimbe "uuu" kupitia ndani yake ukipanda na kushuka, mapovu yakitoka. Mtaalamu wa sauti Ingo Titze wa Marekani amelieneza sana zoezi la mrija, kwa sababu linafanya nyuzi zitikisike bila kugongana kwa nguvu. Kunyweni maji siku nzima, si tu kabla ya kuimba. Kunong'ona si kupumzisha sauti. Kupumzisha ni kunyamaza.

Ikiuma, acha, hata kama programu inasema bado hatua moja. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, nenda kituo cha afya. Na mvulana ambaye sauti inavunjika, mara nyingi kati ya miaka 12 na 15, asishindanishwe na simu kabisa. Mpeni noti chache za katikati na mumvumilie.

Pesa za kikundi

Tunashauri msilipie kitu mwanzoni. Programu za kupima noti tu nyingi ni za bure, na nyingi zikishapakuliwa hufanya kazi bila bando. Zinazomaliza bando ni za video na za kuimba pamoja na watu wa mbali. Angalieni zile zinazosema "wiki ya kwanza bure" halafu zinaomba namba ya kadi: wiki ikiisha zinakata zenyewe, kila mwezi ama mwaka mzima mara moja. Kama simu ni ya mwanachama, pesa hizo zitatoka kwake na ugomvi utaingia kwenye kikundi. Mkiamua kulipia, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano: nani, kiasi gani, na mwisho ni lini.

Wenye kabambe wasiachwe nje. Simu janja moja kwa kikundi inatosha.

Zoezi la mkutano ujao

Wekeni simu mezani, mbali na mtu kama hatua moja. Mwalimu atoe d. Kila mmoja, peke yake, aimbe d m s m d taratibu, na mwenzake aangalie mstari huku mwingine akiangalia shingo na mabega yake. Andikeni yote mawili. Kisha jadilianeni: ni nani kati yetu simu ilimsifu lakini shingo ilikuwa imekaza? Na ni nani simu ilimkataa, lakini sisi sote tulitaka aendelee kuimba?