Kuanza Ufundi Ukubwani

Mtoto wa miaka 14 akiingia katika karakana ya seremala, hakuna mtu anayemshangaa. Hupewa ufagio, huokota maranda, hushika ubao upande wa pili wakati bwana-fundi apigapo msumeno, na kwa kutazama tu hufahamu mambo mengi kabla ya kuambiwa. Lakini mtu wa miaka 38, mwenye mke na watoto watano, akisimama mlangoni pa karakana ile ile na kuomba kufundishwa, watu hutazamana. Wengine hucheka. Naye mwenyewe, usiku ukiingia, hujiuliza kama hajapungukiwa na akili.

Watu wa namna hiyo si wachache katika Kongo. Mwaka 2003 na mwaka 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa kampuni ya shaba ya Gécamines, katika Katanga, waliacha kazi kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari. Wengi walikuwa wamekwisha maliza nguvu za ujana wao katika kazi hiyo. Katika Kivu na Ituri vita vimewafukuza wakulima mashambani mwao, wakafika mijini ambamo jembe halimlishi mtu. Wengine hawakufukuzwa na yeyote. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, na kwa wana wa wana, hata fungu la kila mmoja halitoshi nyumba yake. Wote hao wana mikono na wana haja. Ufundi hawana, na huambiwa kwamba umri wa kuuanza umewapita.

Ulizo: Je, umri huo umewapita kweli?

Jibu: Umri wa kuanza ufundi uliwekwa na desturi ya watu. Mti haumwulizi miaka yake yule aushikaye.

Yafaa kutazama desturi hiyo ilitoka wapi. Katika nchi nyingi za Ulaya, zamani, kijana alikabidhiwa kwa bwana-fundi, akakaa nyumbani mwake, akala chakula chake, akavaa nguo alizopewa. Uingereza ilikuwa na sheria ya mwaka 1563 iliyoagiza miaka 7 ya kujifunza, tena mijini mafunzo hayo yasimalizike kabla kijana hajafikia umri wa miaka 24. Sehemu hiyo ya sheria ilifutwa mwaka 1814 tu. Miaka ya kwanza mtoto hakujua kitu, akawa mzigo; miaka ya mwisho alijua kazi, naye alifanya kazi kwa chakula tu, na hapo bwana-fundi alijilipa. Hesabu hiyo humfaa mtoto ambaye hana wa kumlisha. Haimfai mtu mwenye nyumba. Hivyo waliopendelea watoto hawakufanya hivyo kwa sababu mikono ya mtu hufungika akipita miaka 20, bali kwa sababu tumbo la mtoto ni moja, na tumbo la baba ni saba.

Basi neno la kwanza kwa mtu mzima ni chakula. Asianze na msumeno; aanze na mkewe. Wakae wahesabu pamoja: mahindi yaliyo ghalani yatafika mwezi gani? Muhogo ulio shambani watosha? Nani atapalilia akiwa yeye karakanani? Mume anayeamua peke yake, akamwachia mkewe shamba lote, atakuwa ameanza kujifunza kwa jasho la mwingine, na jasho hilo litasema siku moja. Bibi akikubali kwa kuwa amehesabu mwenyewe, mwaka wa njaa ndogo huvumilika. Asipokubali, heri kungoja mavuno mengine.

Majira pia yana msaada wake. Katika Katanga mvua huanza Oktoba au Novemba na kuisha karibu na Aprili. Miezi ya kiangazi shamba humwacha mtu huru. Katika miezi hiyo aweza kukaa karakanani kutwa nzima. Mvua ikirudi, alime asubuhi na kujifunza alasiri, au ashike siku tatu za juma kwa jembe na tatu kwa randa. Mafunzo yatakuwa marefu zaidi, hilo ni kweli. Lakini mafunzo marefu yanayofika mwisho yana faida kuliko mafupi yanayokatika mwezi wa nne kwa sababu watoto wanalia.

Neno la pili ni mapatano. Mtoto hupelekwa na babaye, na wazee hupatana kwa maneno. Mtu mzima hujipeleka mwenyewe, kwa hiyo imempasa kusema wazi na kuandika. Sheria ya Kazi ya Kongo, iliyotolewa tarehe 16 Oktoba 2002, ina sehemu juu ya mapatano ya kujifunza ufundi. Bwana-fundi hujifunga kutoa mafundisho kamili yenye utaratibu. Mwanafunzi hujifunga kufuata maagizo yake na kufanya kazi anazopewa kwa ajili ya kujifunza. Maneno hayo ya mwisho yapimwe vizuri. Kupiga randa mbao 40 za mteja ni kujifunza. Kulima shamba la bwana-fundi miezi mitatu si kujifunza, hata kama bwana-fundi ni mtu mwema. Basi karatasi iseme: mafunzo ni ya muda gani, ni kazi zipi zitakazofundishwa, yaani mlango, dirisha, kitanda, meza, paa, vyombo ni vya nani, na tangu lini mwanafunzi atapata fungu la malipo ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake. Katika miji kama Lubumbashi, Bukavu na Goma iko pia I.N.P.P., shirika la serikali lililoanzishwa mwaka 1964, ambalo hufundisha kazi mbalimbali hata kwa watu wazima. Lakini mwenye kukaa kijijini, mbali na barabara, mwalimu wake ni yule seremala aliye karibu.

Na hapo ndipo lilipo neno gumu kuliko yote.

Tuseme seremala wa kijiji ana miaka 26, naye ni mtoto wa kaka wa yule mtu wa miaka 38. Nyumbani, kijana huinuka mkubwa anapofika, humwita Baba Mdogo, humpa kiti. Karakanani, kijana ndiye ajuaye. Je, mtoto atamkemea baba? Na baba atakubali kuambiwa mbele ya wateja kwamba ubao ameuharibu?

Wengi hushindwa hapa, wala si kwenye patasi. Mkubwa akisahihishwa hujibu, “Nami nilikuwa nafikiri hivyo hivyo,” akaendelea kukosa. Au kijana, kwa heshima, hunyamaza. Huona msumeno unapotoka nje ya mstari, huona haya kusema, na usiku hurudia kazi yote peke yake. Heshima ya namna hiyo humwibia mkubwa kile alichokuja kukitafuta. Baada ya mwaka mzima atakuwa amefagia na kubeba tu, na wote wawili watasema kwamba alianza kwa kuchelewa.

Ziko njia za kuiponya haya hiyo. Watu wawili wenye akili hupatana tangu siku ya kwanza: ndani ya karakana jina ni Fundi, nje ya karakana jina ni Baba Mdogo, na mlango ndio mpaka. Kijana ataweza kusema, “Baba Mdogo, mstari umekuacha,” kwa sauti ya chini, bila tusi na bila kuficha. Naye mkubwa atajibu neno moja tu: “Nionyeshe tena, Fundi.” Mkatekumeni mwenye mvi aliyekaa benchi moja na watoto, akafuata herufi kwa kidole, ameshaonja uchungu huo, naye ajua kwamba hauui.

Iko habari ya mfalme mmoja aliyefanya hivyo. Petro wa Kwanza, mfalme wa Urusi, alizaliwa mwaka 1672. Alipokuwa na miaka 25 alitaka nchi yake iwe na merikebu, akaona ya kuwa hapana mtu nyumbani wa kumfundisha vema. Mwaka 1697 alikwenda Uholanzi kwa jina lisilo lake. Katika mji mdogo wa Zaandam watu walimtambua, wakamsonga hata akashindwa kufanya kazi, akaondoka baada ya siku chache. Katika Amsterdam alipokelewa ndani ya uwanja wa kuundia merikebu uliozungukwa na ukuta, akafanya kazi ya seremala kwa muda wa miezi minne hivi, chini ya bwana-fundi aitwaye Gerrit Claesz Pool. Walijenga merikebu, na mwishoni bwana-fundi yule alimpa mfalme cheti cha kushuhudia kwamba amejifunza kazi.

Jambo lililofuata lastahili kuangaliwa zaidi kuliko cheti. Mfalme aliona ya kuwa mafundi wa Uholanzi walijua kujenga kwa mazoea ya mkono na jicho. Alipowauliza sababu ya vipimo na namna ya kuvichora, hawakuweza kumweleza vya kutosha. Hakuwacheka, wala hakutosheka. Mwaka 1698 alivuka bahari mpaka Deptford, karibu na London, kwa mafundi waliokuwa wakichora merikebu kwa hesabu kabla ya kuijenga. Mtoto hufanya kama alivyoonyeshwa, akaridhika. Mtu mzima huuliza kwa nini, na hiyo ndiyo mali aliyo nayo. Tena isisahauliwe kwamba Petro alikuwa mfalme: hakuwa na shamba la kupalilia, na raia zake walilipa gharama za safari yake. Wala hakuwa mfalme mpole. Lakini alishika shoka chini ya amri ya fundi wa kawaida, na katika hilo hana wa kumcheka.

Sasa mti wenyewe. Mtu mzima asidanganywe kwamba atakwenda upesi kama kijana. Mkono wake umezoea jembe, ambalo hutaka nguvu ya bega. Msumeno hutaka bega lililotulia na mkono mwepesi. Majuma ya kwanza atabana mno, msumeno utakwama, naye ataongeza nguvu, nao utapinda. Mgongo utauma kama meza ya kazi ni fupi. Meza ifikie kifundo cha mkono wake akisimama wima. Na akiwa amepita miaka 40, huenda mstari wa penseli hauonekani vizuri kwa karibu. Wengi hudhani ni uzito wa akili, kumbe ni macho, ambayo kwa watu wote hupunguza nguvu ya kuona karibu katika umri huo. Miwani ya kusomea hulimaliza jambo.

Lakini yako mambo ambayo mkulima huyafahamu kabla ya kijana. Mwenye kuhifadhi mahindi ajua kwamba kitu kibichi hakitunzwi. Mbao nazo ni vivyo hivyo. Mti mbichi ukikauka hupungua upana, lakini urefu haupungui ila kidogo sana; ndiyo sababu mlango uliofanyizwa kwa mbao mbichi huonyesha mwanga kati ya ubao na ubao baada ya kiangazi kimoja. Ubao wenye unene wa sentimita 2 na nusu hutaka karibu mwaka mmoja kivulini, umepangwa juu ya vijiti ili upepo upite. Kijana huona kungoja huko ni upuuzi. Mkulima amengoja mvua maisha yake yote. Tena ameutambua mninga msituni, ule ambao watu wa Katanga huuita mulombwa, kwa ganda lake na kwa utomvu wake mwekundu. Kijana wa mjini huujua ukiwa umekwisha pasuliwa.

Hesabu pia humsaidia, ijapokuwa ni ile ya darasa la nne. Kutaka kujua kama pembe ya fremu ya mlango ni sawa, fundi hupima sentimita 60 upande mmoja kutoka penye pembe, na 80 upande wa pili, kisha hupima kutoka alama hadi alama. Ikiwa ni 100 kamili, pembe ni sawa. Kijana hukariri, mkubwa, mara ya kwanza aonapo jambo hili, hutaka kulijaribu juu ya kuta za nyumba yake mwenyewe, na pengine hurudi kwa huzuni.

Kazi ya kwanza isiwe kitanda cha mteja. Afanye kiti kidogo cha miguu minne, cha nyumba yake, kwa ulimi na tundu, bila msumari hata mmoja. Akate upande wa nje wa mstari, ule wa kutupwa, maana ulimi ulio mnene hupunguzwa kwa patasi, na ulimi mwembamba haunenepeshwi na mtu. Kiti hicho kitayumba. Cha pili kitayumba kidogo. Cha tatu bibi yake atakitoa nje wageni wakija.

Miaka miwili ikipita, au mitatu kwa yule aliyegawa siku zake na shamba, itafika asubuhi ambayo mtoto wa kaka ataleta bawaba na skrubu, ataonyesha mlango uliosimama ukutani, kisha atatoka nje na kuketi chini ya mwembe bila kusema neno. Ndani, yule mtu atauinua mlango, ataufunga, ataufungua. Ukigusa sakafu, atauteremsha mwenyewe na kuupiga randa tena.