Mlinzi Mwenye Elimu

Kijana mmoja aliyejiunga na Jumuiya yetu mwaka uliopita ameniletea swali ambalo jibu lake, inshallah, litawafaa wengi. Amefaulu vizuri hesabu, na milango miwili iko wazi mbele yake: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, asome shahada ya hisabati, au Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), asome mambo ya benki na fedha. Baba yake, ambaye si Mwislamu, ataka njia itakayoleta mshahara upesi, maana wadogo zake watamtegemea. Lakini kijana ana hofu: je, mwenye kuiepuka riba aweza kuishi kwa kazi ya fedha?

Tuitazame Kurani Tukufu. Nabii Yusufu a.s. hakuikimbia kazi hiyo. Alimwomba mfalme, asiyekuwa wa dini yake, amweke juu ya hazina za nchi, akataja sifa zake mbili: kwamba yeye ni mlinzi, tena mwenye elimu (12:56). Akaweka akiba ya nafaka katika miaka ya neema, na watu wakapona katika miaka ya njaa. Basi kazi ya fedha si haramu kwa asili yake. Yahitaji sifa hizo mbili pamoja.

Kwanza, elimu. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika karne ya 9, aliandika kitabu cha aljebra, na sehemu kubwa yake ni mafumbuzi ya hesabu za mirathi, ambazo msingi wake umo katika Sura An-Nisaa. Hivyo hisabati ilikuwa mtumishi wa haki. Na ndugu yetu Profesa Abdus Salam alisoma hisabati huko Lahore na Cambridge, kisha akapata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1979. Mwenye msingi wa hisabati aweza baadaye kujifunza uhasibu, bima au takwimu. Lakini aliyeanza na uhasibu huona taabu kurudi nyuma kuitafuta kalkulasi.

Pili, ulinzi. Chukua kalamu ufanye hesabu hii. Mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Asipolipa, na riba ikazaa riba, baada ya miezi 12 atadaiwa zaidi ya shilingi 313,000. Sasa utafahamu kwa nini Kurani Tukufu yakataza riba iongezekayo maradufu (3:131). Mwanahisabati mcha Mungu huiona dhuluma hiyo kabla ya maskini kunaswa. Naye hakosi kazi: kuna ukaguzi wa hesabu, takwimu za serikali, hazina za halmashauri, mahesabu ya viwanda na ya vyama vya wakulima.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla ya kuchagua uliza mambo haya. Je, masomo ya aljebra, kalkulasi na takwimu yanafundishwa kwa ukamilifu? Waliomaliza huko wanafanya kazi gani? Gharama yote ya miaka mitatu ni kiasi gani, na italipwa bila mkopo wa riba? Je, utapata nafasi ya Sala na ya Ijumaa? Majibu yakilingana, mimi nakushauri hisabati. Lakini kama gharama yake itakutia katika deni la riba, shika njia ya pili bila huzuni. Elimu ya fedha nayo ni elimu.

Kisha mwendee baba yako kwa adabu, umwonyeshe hesabu hizo. Kuwatendea wema wazazi ni amri hata kama dini zimetofautiana (31:16), na huenda uaminifu wako katika jambo hili ukawa tabligh iliyo bora kwake kuliko hotuba nyingi.

Mwisho, sali Istikhara. Mtume Mtukufu s.a.w. alimfundisha Bedui amfunge ngamia wake, ndipo amtegemee Mungu. Kuuliza na kupima ndiko kumfunga ngamia. Istikhara ndiyo kumtegemea Mungu. Mwenyezi Mungu akujalie kuwa mlinzi mwenye elimu. Amin.